Habari Iliyovuka Mpaka Mara Mbili

Makala ya Mzee Ikiring ilikuwa na kurasa nane. Kufikia ukurasa wa tatu Awor alikuwa ameshavua miwani mara mbili, akaisugua kwa leso yake na kuivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo.

"Mzee Ikiring," alisema, "mimi nilikuomba uandike juu ya siku ambayo kazi ilikushinda."

"Ndiyo hiyo. Soma tu."

"Nasoma. Hapa unapewa cheti. Hapa unapigwa picha na wakubwa. Hapa unakamata mwizi wa ng'ombe, peke yako, bila silaha, na mvua inanyesha. Sasa kazi ilikushinda wapi?"

Ikiring alinyoosha miguu, akamtazama kuku aliyekuwa akipita chini ya kiti. "Ilitaka kunishinda," alisema. "Nikakataa."

Walikuwa barazani kwa Awor, huko Kisoko, saa nne asubuhi, na chai ilikuwa imeshapoa. Awor alikunja zile karatasi nane taratibu sana, jinsi mtu anavyokunja kitu ambacho angependa kukirarua.

Kama hujawahi kukutana na Awor, usidhani ni mtu wa kutisha. Ni mama mfupi wa miaka sitini na moja, anayelima mihogo na kuimba sauti ya pili kanisani. Lakini kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtu wa usalama mpakani, upande wa Uganda, kwanza Malaba kwenye foleni za malori, halafu Busia. Kazi yake haikuwa kama ile ya kwenye sinema. Hakuwahi kuruka ukuta wala kuvaa miwani ya giza. Alikaa mahali watu wanapoongea, akasikiliza, akauliza, akapima lipi ni kweli na lipi ni wivu wa majirani, kisha akaandika ripoti. Ripoti ilipelekwa kwa mkubwa, mkubwa akaamua. Basi.

Kilichomkera tangu siku ya kwanza hadi siku ya kustaafu ni kimoja tu. Aliingia kazini hajui kitu, akawekwa karibu na mzee mmoja ili afundishwe. Akamuuliza kazi inafanywaje. Mzee akajibu, "Angalia tu." Miaka miwili aliangalia tu. Mzee alipostaafu alibeba termosi yake, mto wa kiti chake, na kila alichokijua.

"Daktari ana vitabu," Awor alipenda kusema, na akianza hapo hakuna anayemzuia. "Mwalimu ana vitabu. Hata mfuga nyuki wa Mwello ana kitabu, na nyuki malkia amepigwa picha ndani. Sisi tuna nini? Tuna kabati lenye kufuli! Kazi gani hii, kila mtu anaanza darasa la kwanza na anastaafu darasa la kwanza?"

Kwa hiyo alipostaafu aliamua kutengeneza kitabu. Si cha kutaja majina ya watoa habari wala kufichua mambo ya serikali. Kitabu cha ufundi wa kazi: unapimaje habari, unamuulizaje mtu bila kumtisha, na hasa tulikosea wapi. Aliwaandikia wenzake wa zamani barua kumi na nne. Waliojibu walikuwa watano.

Wa kwanza alikuwa huyu Ikiring na cheti chake. Wa pili alikuwa Emong, aliyefanya kazi naye Malaba. Makala ya Emong ilianza hivi: "Siku fulani, mtu fulani alifika mahali fulani akiwa na kitu fulani. Baada ya kupata habari fulani kutoka kwa mtu mwingine, tulichukua hatua fulani." Iliendelea hivyo hivyo kurasa sita. Awor alimpigia simu.

"Emong, hii ni nini umeniletea?"

"Ni usalama, mama."

"Lakini mtu akisoma hapa anajifunza nini?"

"Hakuna! Hapo ndiyo uzuri yake. Hata adui akisoma, hajifunzi kitu."

Awor alikata simu, akaenda kupalilia mihogo, na siku ile magugu yalikiona cha moto.

Makala iliyomtesa zaidi ilikuwa yake mwenyewe. Aliiweka ukurasa wa thelathini na moja, na aliiandika mara saba. Ilimhusu Matayo.

Matayo anafanya kazi Busia hadi leo. Miguu yake ilikauka kwa polio akiwa mdogo, na anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono. Anavusha mizigo ya watu kati ya Uganda na Kenya: mafuta ya kupika, sabuni, juisi za katoni, wakati mwingine godoro. Ana mabega kama ya mcheza ngumi na mdomo usiopumzika.

Miaka kumi na moja iliyopita, mama mmoja muuza chapati alimnong'oneza Awor kwamba Matayo anaficha risasi ndani ya makopo ya mafuta. Awor aliandika pembeni ya daftari lake: bado, tafuta chanzo cha pili. Alifanya vizuri. Wiki moja baadaye akakutana na Jared, mtu wa usalama wa upande wa Kenya, waliyekuwa wakibadilishana naye habari kwenye kibanda kimoja cha chai. Jared akasema, "Mama Awor, kuna msee wa baiskeli ya mikono huko kwenu. Tumeskia anabeba risasi kwa mafuta."

Moyo wa Awor uliruka. Chanzo cha pili! Tena kutoka nchi nyingine! Hakumuuliza Jared amesikia kwa nani. Kwa watu wa kazi ile, kumuuliza mwenzako habari ameitoa wapi ilikuwa kama kuingia jikoni kwa mtu na kufunua sufuria zake. Ni ukosefu wa adabu. Kwa hiyo kwa adabu zake zote, Awor akarudi ofisini na kuandika karibu na jina la Matayo: Imethibitishwa na vyanzo viwili.

Matayo alishikwa. Wiki tano. Walitafuta risasi kwenye makopo, kwenye godoro, hata ndani ya mirija ya baiskeli. Hawakupata chochote, wakamwachilia bila neno.

Mwezi uliofuata Awor alishindwa kuvumilia, akavunja adabu. "Jared, ile habari ya risasi uliitoa wapi?"

Jared alimshangaa. "Si kwenu! Mama wa chapati alimwambia mteja wake, Wandera, Wandera akavuka, akaniambia mimi. Nilijua unajua. Huyo mathe alikuwa na hasira tu, Matayo alihamia kwa muuza chapati mwingine."

Habari ilikuwa moja tu. Ilitoka Uganda, ikavuka kwenda Kenya, ikarudi imevaa nguo za Kenya, na Awor akaipokea kama mgeni.

Na sasa sikiliza jambo lililomnyima usingizi. Tuhuma ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa. Kosa halikuandikwa popote. Awor alimwambia mkubwa wa wakati ule, naye akasema sawa, nimesikia, kisha akahamishwa. Akaja mwingine, akahamishwa pia. Kila askari mpya aliyefika Busia alisoma orodha, akaona Imethibitishwa, akatoka nje na kumsimamisha Matayo. Miaka kumi na moja! Kila siku anashusha mizigo, anapekuliwa, anapakia tena.

Na Jumatatu iliyokuwa inakuja, vijana tisa wapya walikuwa wanaanza mafunzo Tororo, ili wakimaliza wapelekwe Busia. Awor alitaka jambo moja tu maishani: wasome ukurasa wa thelathini na moja kabla hawajamwona Matayo.

Ofisi ilikubali kuchapa kitabu. Nakala ishirini. Ijumaa Awor alikwenda Tororo kuziona, amevaa gauni lake la kanisani kabisa. Mkuu wa ofisi, Odoi, kijana ambaye Awor mwenyewe alimfundisha kazi, alimpokea kwa mikono miwili.

"Mama, kitabu yako imetoka! Ni nzuri sana. Nimesoma yote."

Juu ya meza kulikuwa na nakala moja. Kwenye jalada, kwa wino mwekundu, pamegongwa muhuri: SIRI.

"Na zingine?" Awor aliuliza.

Odoi alionyesha kabati la chuma. Lilikuwa na kufuli mbili.

"Odoi. Hao vijana watasoma namna gani?"

"Wataandika barua ya kuomba."

"Kumwomba nani?"

"Mimi."

"Na utawapa?"

"Nitawapa, kama wanaeleza wanataka ukurasa gani na kwa sababu gani."

"Watajua ukurasa gani namna gani, na hawajaona kitabu?"

Odoi alifikiri kidogo. "Hapo," alisema, "ndiyo siri inafanya kazi."

Awor alitazama dirishani. Jiwe la Tororo, ule mwamba ulioinuka juu ya mji, lilikuwa pale pale, kubwa, limenyamaza, na kwa mara ya kwanza alilionea wivu.

"Wewe mtoto," alisema, na sauti yake ilikuwa chini sana, "ndani ya hicho kitabu hakuna siri hata moja. Makala ya Emong haina hata nomino!"

"Ni utaratibu, mama. Usikasirike. Nimekupangia saa moja, uongee na vijana. Sema yote. Lakini usiwape karatasi."

"Kusema naweza?"

"Kusema ni sawa. Kuandika ndiyo shida."

Awor alichukua mkoba wake. Miaka ishirini na tisa, na bado ni yale yale: Angalia tu. Alitoka bila kunywa soda aliyofunguliwa.

Jumatatu aliingia darasani mikono mitupu. Vijana tisa walisimama, "Shikamoo, madam," viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Mbele kabisa alikaa binti mmoja aitwaye Among, kutoka upande wa Waiteso, aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni kama fundi wa redio.

"Nimepewa saa moja," Awor alisema. "Leo natumia dakika kumi. Hizo zingine natunza. Kwenye orodha yenu kuna mtu anaitwa Matayo. Kesho mtapelekwa Busia. Msimguse, msimsimamishe, msiongee naye. Ulizeni watu pole pole, kila mtu na njia yake. Jumatano mniletee ripoti. Kwaherini."

Odoi, aliyekuwa amesimama mlangoni kulinda karatasi zisitolewe, hakuona kosa lolote.

Jumatano ripoti tisa zililetwa, na zote zilisema jambo moja. Matayo ni mtu wa hatari. Imethibitishwa na mtu wa boda. Imethibitishwa na muuza nyanya. Mmoja alivuka hadi upande wa Kenya, akarudi na uthibitisho wa kimataifa. Walikaa wamejivuna kama majogoo tisa.

"Vizuri," Awor alisema. "Vyanzo tisa. Sisi tulimshika kwa viwili tu." Akatazama saa. "Natumia dakika tano. Kesho rudini kwa watu wale wale. Mmuulize kila mmoja swali moja: wewe mwenyewe, kwa macho yako, uliona nini?"

"Madam, hiyo si ni kumdharau mtu?" aliuliza kijana wa nyuma.

"Mdharau. Halafu umwombe msamaha."

Ijumaa walirudi, na hakuna aliyejivuna. Among alisimama kwanza, ameshika karatasi yake kwa vidole viwili kama kitu kilichooza.

"Mtu wangu wa boda aliona Matayo anapekuliwa," alisema.

"Anapekuliwa na nani?"

"Na askari. Kila siku. Aliniambia, 'Mtu hawezi kupekuliwa miaka kumi bure.'"

"Mwingine?"

Muuza nyanya aliona anapekuliwa. Fundi viatu aliona anapekuliwa. Mwosha magari hakuona, lakini aliambiwa na fundi viatu. Na yule wa Kenya alisema, "Sisi tuliskia kwenu." Saba walikuwa wameona upekuzi, wawili walikuwa wamewasikia hao saba. Risasi hakuna aliyeiona.

Among alikuwa wa kwanza kufika mwisho wa jambo, na ungeuona uso wake ukifika kabla ya maneno.

"Madam," alisema, "chanzo ni sisi. Tunampekua kwa sababu ya orodha, watu wanaona, wanatuambia, na sisi tunaandika imethibitishwa."

"Endelea."

"Lakini mtu wa kwanza aliyeandika kwenye orodha, yeye alitoa wapi?" Akamgeukia Odoi mlangoni. "Afande, nani aliandika?"

Odoi alikohoa. Alijua vizuri. Alikuwa amesoma kitabu chote.

"Mimi," Awor alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya watu wa kazi yake. Alilisema tena, maana wa nyuma walionekana hawajasikia. "Mimi, Awor. Nilikuwa na chanzo kimoja, nikakihesabu mara mbili, kwa sababu niliona aibu kuuliza."

Vijana walianza kuandika, kalamu tisa kwa pamoja. Odoi aliruka. "Hapana, hapana! Tulikubaliana hakuna karatasi!"

"Mimi sijawapa karatasi," Awor alisema. "Wanaandika ripoti. Ripoti ni kazi yao. Utakataza ripoti, Odoi?"

Odoi alizitazama zile kalamu. Ripoti tisa zilikuwa zinakuja mezani kwake, zote zitasema ofisi yake imekuwa ikijinong'oneza yenyewe masikioni kwa miaka kumi na moja, na sheria ilimtaka kuzipokea na kuzijibu. Alimfuata Awor hadi ofisini akijifuta shingo.

"Mama, kufuta jina kwenye orodha inataka barua."

"Andika."

"Na barua inataka sababu."

"Sababu iko ukurasa wa thelathini na moja."

Odoi alisimama na kalamu hewani. Katika ofisi ile, barua ziliwahi kutaja simu kutoka juu, agizo la mkubwa, na mazoea. Hazijawahi kutaja kitabu. Aliandika pole pole, ulimi nje kidogo: Rejea kitabu cha kazi, ukurasa wa 31. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Inakaa vizuri," alikiri.

"Na atakayesoma barua akitaka kuona huo ukurasa?"

Odoi alishusha pumzi ndefu, akatoa funguo mbili. Nakala tisa zilitoka kabatini siku ile. Kila kijana alitia sahihi kwenye rejista mpya, ambayo Odoi aliigonga muhuri wa SIRI palepale, na Awor, kwa neema ya Mungu, akanyamaza.

Wiki mbili baadaye, mafunzo yamekwisha, Alhamisi asubuhi, Awor alipanda gari hadi Busia akiwa na nakala moja, aliyoitilia sahihi yeye pia, ndani ya mkoba. Alikaa kwenye benchi la duka la sabuni akatazama. Among alikuwa zamuni. Matayo alikuja na baiskeli yake, imepakiwa katoni hadi kichwani, akafika mahali pake pa kila siku, akafunga breki, akaanza kushusha mizigo bila kuambiwa.

"Pita tu, mzee," Among alisema.

"Nipite wapi?"

"Nenda. Hakuna kupekua."

Matayo alimtazama kwa wasiwasi mkubwa. "Kwa nini? Kuna nini leo? Mimi nilitoka nyumbani mapema kwa sababu ya hii kupekua yenu! Sasa nafika kabla ya duka kufunguliwa, nikae jua?"

Alivuka huku akigeuka nyuma mara tatu. Aliporudi, baiskeli tupu, Awor alimwita. Akamweleza yote, moja kwa moja, bila kuvua miwani. Kisha akafungua kitabu na kumsomea ukurasa wa thelathini na moja, na wa thelathini na mbili, hadi mwisho.

Alipomaliza hakuthubutu kumtazama. Alitegemea matusi. Labda machozi.

"Wiki saba," Matayo alisema.

"Nini?"

"Umeandika tano. Zilikuwa saba. Na mimi sikuhama kwa mama wa chapati. Mimi nakula kwake hadi leo, nimetoka huko sasa hivi! Nani alikwambia nilihama?"

"Jared."

"Na Jared alisikia wapi?"

Awor alifunga kitabu.

"Huyo mama hakusema uongo," Matayo aliendelea, ameshapanda sauti, na watu wa dukani wakaanza kugeuka. "Aliona vitu vya chuma ndani ya kopo ya mafuta. Ni gololi! Gololi za magurudumu! Kila mtu wa baiskeli kama hii anaziloweka Jumapili, ama zinalia kama panya. Mama hajui gololi, yeye anajua chapati. Wewe ungeniuliza tu, 'Matayo, nini iko kwa kopo?' Ningekuonyesha!" Akagonga jalada kwa kidole. "Unaandika kitabu nzima, unafundisha watu kuuliza, na mimi mwenyewe hujaniuliza hata siku moja! Miaka kumi na moja mimi napita hapa!"

Mara saba aliiandika makala ile. Mara saba, akipima kila neno. Awor aliketi na kitabu mapajani, akijua kwamba nakala nyingine kumi na tisa, za kabatini na za vijana, zilikuwa na kosa lile lile, sasa kwa wino safi na muhuri juu, na kwamba lazima arudi kwa Odoi kuomba kuchapa upya, na Odoi atasema inataka barua.

Alitafuta kalamu mkobani. Akakigeuza kitabu upande wa nyuma, ambako jalada lilikuwa jeupe, halina muhuri.

"Haya, baba," alisema. "Tuanze mwanzo. Ile siku walikushika, ulikuwa unatoka wapi?"

Matayo alifunga breki vizuri, akajiweka sawa kitini kama mtu asiye na haraka tena.

"Andika," alisema. "Kwanza, ilikuwa Jumanne."